Kiboksi cha Kwanza, Mashine Namba Mbili

Kijiwe chetu kiko Ipagala, hapa Dodoma, katikati ya saluni yangu ya kunyoa na steshenari ya Shakila yenye kompyuta za kukodi, kwenye benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Saa tatu asubuhi Nasra anakuwa ameshatua birika lake la kahawa na sahani ya kashata, na waheshimiwa wanaanza kuketi. Mimi ni Sila, kinyozi. Kuna Matonya, fundi bomba, tunamwita Bomba kwa ajili ya kazi yake na pia kwa ajili ya sauti yake. Kuna Noeli wa bodaboda, tunamwita Redio, kwa sababu habari zake huanza kutangazwa kabla hazijatokea. Na kuna Mzee Pantaleo, karani mstaafu, Profesa wetu, anayetusomea barua za serikali, anayesahihisha methali zetu, na anayetukumbusha kila wiki kwamba yeye alimaliza kidato cha nne enzi zile kidato cha nne kilikuwa kidato cha nne kweli. Asubuhi ninayoisema ilikuwa ya Januari, mvua imetoka kunyesha, matope mpaka kwenye kizingiti. Profesa alikuwa hajafika.

Shakila alitoka dukani kwake bila viatu. Akakaa, akachukua kikombe cha Bomba, akakinywa chote.

— Aisee, hicho changu, — Bomba akasema.

— Jamani. Nimeona kitu kwenye mashine namba mbili.

— Panya? — akauliza Redio.

— Afadhali ingekuwa panya. Mnakijua kile kiongezi nilichoweka wiki iliyopita?

— Mimi sikijui, — Nasra akasema. — Nieleze taratibu, mimi na kompyuta tunapishana njiani tu.

Shakila akafuta miguu kwa kanga, akaanza kueleza, lakini macho yake yalikuwa yanatazama barabarani.

— Kuna ile programu ya kufungulia mtandao, kivinjari. Zamani mteja akija nilikuwa naandika anwani ya tovuti nzima kwa mkono, herufi kwa herufi. Ukikosea herufi moja unatupwa kwa wauza dawa za nguvu za kiume, na mteja mwenyewe ni sista wa kanisa. Sasa nimepachika kiongezi, kama kiraka kwenye suruali. Ukifungua tu unakuta viboksi vinane. Mikopo ya wanafunzi, ajira, matokeo, namba ya mlipa kodi. Unabonyeza, umefika.

— Njia ya mkato, — akasema Redio.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mchimba kisima huingia mwenyewe, — Bomba akasema kwa hekima nzito.

Hakuna aliyeelewa kisima kimetokea wapi. Profesa angekuwepo angeuliza.

— Sikilizeni basi, — Shakila akaendelea. — Vile viboksi vinajipanga vyenyewe. Tovuti inayofunguliwa mara nyingi inasogea mbele. Siigusi, inajipanga tu. Leo nawasha namba mbili, nakuta kiboksi cha kwanza sikijui. Kimeipiku hata mikopo. Na kila kiboksi kina picha ndogo ya ukurasa wake. Kwenye kile nikaona sura. Sura ya Profesa, amevaa tai.

— Profesa ana tai? — Redio akashtuka.

— Nikabonyeza. Sikupaswa, najua, lakini nikabonyeza. Kumbe ni ile tovuti ya watahiniwa wa kujitegemea. Wa kidato cha nne! Alisahau kutoka kwenye akaunti yake. Ikanikaribisha kama mimi ndiye yeye. Masomo saba, kituo cha mtihani, mwezi wa kumi na moja mwaka jana.

Nasra akagonga ulimi, ile sauti ya kwao Wasandawe wa Chemba, ambayo sisi wengine tukiijaribu tunatema mate tu. Huwa anaitoa akiungua na kahawa. Siku hiyo hakuwa ameungua.

— Lakini Profesa alimaliza kidato cha nne, — nikasema. — Si anasema kila siku?

— Sila, ngoja. Hilo ndilo dogo. Jina lililoandikwa pale si Pantaleo. Limeandikwa Daudi. Daudi Chilewa.

Bajaji ikapita, ikaturushia matope, hakuna aliyemtukana dereva.

— Mashine imekosea, — Bomba akasema mwishowe. — Hicho kiraka chako kimechanganya mabomba. Maji ya nyumba hii yametokea nyumba ile. Mimi nayaona hayo kila siku.

— Picha ni yake, Bomba. Kovu la nyusi hilo hapo.

— Basi ana pacha, — akasema Redio.

— Pacha mwenye kovu lilelile?

— Walianguka pamoja.

— Noeli!

— Haya, basi tusidanganyane. — Redio akasogea, akashusha sauti. — Yule ni mtu wa usalama. Tangu serikali ihamie Dodoma, mnadhani wanaokaa vijiweni wote wamefuata kahawa? Amewekwa hapa atusikilize. Majina mawili, kazi haijulikani, kila siku saa saba yuko kwa Shakila na mashine ileile ya pembeni, uso ukutani. Tulidhani anasoma magazeti. Kumbe anatuma ripoti!

— Ripoti ya nini? — Bomba akacheka, lakini kicheko hakikutoka vizuri. — Sisi tunasema nini hapa?

— Wewe si ndiye uliyesema habari za kuchezea mita za maji?

Bomba akageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yake.

— Mtahiniwa wa kidato cha nne ndiyo usalama? — nikauliza.

— Ndiyo kujificha kwenyewe huko! Nani atamshuku mtahiniwa?

Nasra alikuwa muda wote anasuuza vikombe. Akasema bila kuinua kichwa:

— Kwetu, mtu mwenye majina mawili, mmoja wao ameshazikwa.

— Unasema nini, Mama?

— Nasema nilichosikia kwa bibi yangu. Unamwona mtu anatembea, anakula, ana watoto. Lakini jina analotembea nalo ni la marehemu.

Redio akaruka kutoka kwenye benchi kana kwamba limepata moto.

— Mzuka! Ndiyo maana hajawahi kunyoa kwako, Sila! Anaogopa kioo!

— Ana upara, Redio. Ninyoe nini?

— Mzuka mwenye upara!

Angekuwa ni mtu mwingine tungecheka. Hakuna aliyecheka. Bomba alikuwa amekunja uso, na nilipomtazama nikaona hasikilizi tena mambo ya mizuka. Alikuwa amefika mahali pengine kabisa.

— Kwa hiyo hana kidato cha nne, — akasema polepole. — Kama amekaa mtihani mwezi wa kumi na moja, ina maana hana. Hana! Mwaka juzi nilitaka uenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa. Mnakumbuka? Akasimama mbele ya watu wote akasema mwenyekiti lazima awe amefika kidato cha nne, si darasa la saba kama Bwana Matonya. Bwana Matonya! Watu wakacheka. Mke wangu alikuwepo. Nikakaa chini.

— Tunakumbuka, — nikasema.

— Miaka minne ananiita darasa la saba kwenye benchi hili. Akute leo. Nyani haoni kundule, lakini leo nitamshikia taa.

Safari hii methali ilikuwa imekaa mahali pake, na hilo nalo lilitutisha.

Hapo ndipo Profesa alipotokea kwenye kona, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi, gazeti kwapani. Aliruka dimbwi la mwisho, akatukuta tumekaa kimya kama watu wa msibani.

— Mmefiwa? — akauliza. — Shakila, leo hata shikamoo hakuna?

Bomba akasimama.

— Daudi, — akaita.

Profesa aligeuka. Hakugeuka kama mtu aliyesikia jina la mwingine. Aligeuka mara moja, kichwa na mabega, kama mtoto aliyeitwa na mama yake kutoka uani. Halafu akagundua alichofanya. Viatu vikamtoka mkononi, kimoja kikaangukia kwenye dimbwi, na hakukifuata.

— Nani amekwambia? — akauliza.

— Mashine, — Shakila akasema, machozi yanamtoka. — Mzee wangu, nisamehe. Kile kiongezi kinapanga tovuti zinazofunguliwa sana. Yako imekuwa ya kwanza. Nilibonyeza. Na badala ya kufunga nikaja kusema huku nje. Nisamehe.

Profesa akakaa kwenye ncha ya benchi, upande wa tofali. Nasra akamimina kahawa akampa. Akaishika tu.

— Pantaleo alikuwa kaka yangu, — akasema. — Yeye wa kwanza, mimi wa pili. Kwetu Gulwe, nyumba tatu kutoka kwenye reli. Yeye ndiye alikuwa na akili ya shule. Mimi nilimaliza la saba, nikabaki na ng'ombe. Matokeo yake ya kidato cha nne yalitoka, akaenda Mpwapwa akachukua cheti, akarudi nacho amekifunga kwenye nailoni. Wiki mbili baadaye mvua zikanyesha kama hizi, mto ukafurika usiku, na asubuhi yake akataka kuvuka kwenda kumwokoa ndama wetu. Ndama alirudi.

Redio akavua helmeti yake, akaiweka magotini.

— Baba alikaa siku arobaini hasemi, — Profesa akaendelea. — Siku moja akanipa ile nailoni. Akaniambia, nenda Dodoma, kuna ofisi inatafuta makarani. Jina la mwanangu lisiozee ndani ya sanduku. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikaenda. Waliponiuliza jina, nikasema Pantaleo Chilewa. Nikafanya kazi miaka thelathini na mmoja kwa jina hilo. Kazi yenyewe nilijifunza, sikuwahi kuharibu faili la mtu.

— Kisha ukastaafu, — nikasema.

— Sikustaafu, Sila. Ulikuja uhakiki wa vyeti. Nchi nzima, si mnakumbuka? Wakafuatilia, wakakuta mwenye cheti alishafariki. Nikaitwa ofisini asubuhi, saa sita nilikuwa nje ya geti na mwamvuli wangu. Watu walinitazama kama mwizi. Na nilikuwa mwizi, sitaki kusema sikuwa. Nyumbani nikasema wamepunguza wafanyakazi.

— Mkeo hajui? — Nasra akauliza.

— Mke wangu alifunga ndoa na Pantaleo. Wazazi wangu walikuwa wamekufa. Kwenye mahari alikuja mjomba peke yake, akaniita "mwanangu" siku nzima, hakunitaja jina hata mara moja. Watoto wangu wanatumia jina la marehemu. Kila nikisikia "Editha Pantaleo", namwona kaka yangu anaingia mtoni.

Bomba alikuwa bado amesimama. Ngumi zilikuwa zimelegea lakini hajui aziweke wapi.

— Sasa mimi ulinicheka ya nini? — akauliza, na lile bomba la sauti lilikuwa limebaki mchirizi. — Na wewe ni la saba kama mimi.

— Niliogopa, Matonya. Ukikaa karibu na mtu wa la saba, watu wanaweza kuona mnavyofanana. Nikakusukuma mbali. Mbele ya mkeo. — Akainua macho. — Lile la kamati nililifikiria hata kwenye chumba cha mtihani. Nisamehe, ndugu yangu.

Bomba alienda kwenye dimbwi, akaokota kile kiatu, akakikung'uta matope kwenye tofali, akakiweka karibu na mguu wa Profesa. Akakaa.

— Na huo mtihani? — Redio akauliza. — Umri huo, cheti cha nini tena? Kazi hutapewa.

— Cha kukaa nacho. Nina miaka hamsini na nane na sina karatasi hata moja yenye jina langu, isipokuwa daftari la shule ya msingi Gulwe. Mwaka juzi nikafanya mtihani wa maarifa, ule wa kukuruhusu kukaa wa kidato cha nne. Mwaka jana nikakaa wa mwisho. Chumba kimejaa watoto, wakanisalimia "shikamoo mwalimu", wakidhani mimi msimamizi.

— Lakini matokeo yametoka tangu juzi! — Shakila akasema. — Mji mzima umepita dukani kwangu. Na wewe juzi na jana ulikuja, mzee wangu. Umepata nini?

Profesa akatazama kahawa yake.

— Sijui.

— Hujui vipi?

— Nafungua ule ukurasa. Nafika mpaka pale pa kubonyeza matokeo. Nafunga. Nafungua tena. Jana nimefanya hivyo sijui mara ngapi. Naishia mlangoni.

Shakila akashika kichwa.

— Ndiyo maana ikapanda mpaka ya kwanza, — akasema. — Ilikuwa inahesabu.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kunyoa Ipagala, kijiwe kizima kiliinuka na kuingia steshenari. Nasra aliacha birika peke yake barabarani. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri fotokopi walisogea bila kuelewa. Mashine namba mbili iko pembeni kweli, kiti kinatazama ukuta. Kwenye skrini vile viboksi vinane vilikuwa vimejipanga kama vigae, na kwenye cha kwanza, kidogo kama stempu, Profesa amevaa tai.

— Bonyeza wewe, — Profesa akamwambia Shakila.

— Hapana, mzee wangu. Mimi leo nimeshabonyeza vya kutosha.

Akakaa. Mshale ukawa unazunguka kiboksi kama nzi. Bomba akaweka mkono wake mzito juu ya mkono wa Profesa, akautuliza, na wakabonyeza pamoja. Ukurasa ukafunguka papo hapo, bila kuandika herufi hata moja. Akabonyeza tena, pale alipokuwa anaishia.

Mtandao ukazunguka. Ukazunguka. Redio alikuwa anasali kwa sauti, sala ya chakula, nadhani ndiyo pekee aliyokuwa anaikumbuka.

Kisha yakatokea. Kiswahili B. Historia C. Uraia D, Jiografia D, Kiingereza D, Baiolojia D. Hisabati F. Daraja la nne, pointi ishirini na sita.

Profesa alisoma kimya, kidole kwenye skrini, mstari kwa mstari, kama anavyosoma barua zetu. Alipofika kwenye jina alisimamisha kidole pale, hakukiondoa.

— Hisabati wamenionea, — akanong'ona. Halafu uso wake wote ukavunjika, akalia, mtu mzima, mabega yanapanda na kushuka, upara umeinama karibu uguse kicharazio.

Shakila akapiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Akachapa ile karatasi, akatoka nayo nje mbio, bado hana viatu.

— Daudi amefaulu! Jamani, Daudi amefaulu!

Bomba akambeba Profesa mpaka kwenye benchi kama gunia la mtama. Tukamkalisha katikati. Redio anapiga honi ya pikipiki. Nasra akasema kahawa leo ni ya bure, jambo ambalo halijawahi kutokea na ambalo lilitushangaza karibu kama mengine yote.

Katikati ya kelele zile sikumwona mwanamke aliyekuwa anavuka barabara kwa uangalifu, ameshika kanga isiguse matope. Alikuwa Mama Zipora, mke wa Profesa. Hukaa kwao mwisho wa mtaa, na kijiweni haji. Mkononi alikuwa na simu.

— Baba Editha, umesahau simu, — akasema. — Editha amepiga mara tatu. Kuna nini hapa? Nimesikia kelele tangu kule dukani kwa mangi.

— Shikamoo, mama, — Shakila akasema, na akaificha ile karatasi mgongoni.

— Marahaba. — Akatutazama mmoja mmoja, anatabasamu, kwa sababu furaha ya watu huambukiza. — Nimesikia mnasema Daudi amefaulu. Hongera zake. Daudi ni nani?

Honi ikanyamaza.

Redio, mwenye jibu la kila kitu, alianza kukagua tairi la pikipiki yake. Bomba akaangalia viganja vyake. Mimi nilijikuta nimeshika mashine ya kunyolea, sijui niliichukua saa ngapi. Hata wale wateja wawili wa fotokopi walikuwa wamejua mambo ambayo mama huyu hakuyajua, na wakageuza nyuso.

— Mbona kimya? — akauliza Mama Zipora. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini limeanza kusahau kazi yake. — Baba Editha?

Profesa akasimama. Akamnyooshea Shakila mkono, Shakila akampa karatasi. Akaikunja mara mbili, akaikunjua.

— Zipora, — akasema. Hatukuwahi kumsikia akimwita kwa jina. — Kaa hapa.

— Sikai. Nimeuliza swali.

— Ndilo nataka kulijibu. Kaa, nakuomba.

Bomba ndiye aliyeinuka wa kwanza, akapangusa benchi kwa mkono wa shati. Nasra akabeba birika lake mikono miwili. Redio akasukuma pikipiki bila kuiwasha, mpaka kona. Shakila akaingia dukani, akarudisha mlango taratibu. Hakuna aliyetuambia tuondoke.

Nikiwa mlangoni kwangu niliona Profesa anaongea, karatasi imetandazwa juu ya goti la mke wake. Aliongea muda mrefu. Mama Zipora alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, macho hayatoki kwenye ile karatasi. Kwenye mapaja yake simu ilikuwa inaita, Editha kwa mara ya nne, na hakuna kati yao aliyeipokea.